Pointi za supamaketi: nani anamkopesha nani?

Kadi ya pointi ina utaratibu ule ule, iwe ya duka la Michenzani hapa Zanzibar au la London. Mteja analipa bei kamili leo. Sehemu ndogo ya alicholipa inabaki dukani ikiitwa pointi, na haki ya kuitumia inasubiri mpaka pointi zifike idadi fulani. Muda wote huo wa kusubiri, mteja ndiye anayelidai duka. Kwa jicho la mhasibu amelikopesha, na vitabu vya hesabu vinakubali: kanuni ya kimataifa ya IFRS 15, iliyoanza kutumika mwaka 2018, inalitaka duka liandike thamani ya pointi ambazo hazijatumika kuwa ni wajibu wake kwa wateja.

Duka la mtaa linakwenda kinyume. Mwenye duka anatoa kilo ya mchele na robo ya sukari, anaandika kwenye daftari, na fedha zinakuja Ijumaa au mwisho wa mwezi. Hapo duka ndilo linalokopesha. Bei ya kilo huenda ikawa imezidi kidogo ili kufidia wanaochelewa kulipa, lakini mtoto amekunywa chai asubuhi ile ile.

Kila nikisikia kwamba mtu wa kipato kidogo hajali zawadi za supamaketi, narudi kwenye tofauti hii. Anazijali, kwani hakuna anayeijua thamani ya shilingi mia mbili kuliko yeye. Asichokiweza ni kukopesha. Kipato kinaamua kwanza kama mtu anaweza kuacha fedha yake kwa mwenziwe ikasubiri, na hamu ya kadi inafuata baadaye. Mpango wa zawadi uliotengenezwa bila ya kuliona hilo utawapendeza wenye mshahara wa kati, utawaacha walio chini, na walio juu watauchukua kwa sababu tu keshia amewauliza.

Hesabu ya kaya tatu

Tuchukue mpango wenye masharti ya kawaida: pointi 1 kwa kila shilingi 1,000, pointi 1 ina thamani ya shilingi 10, hutumii mpaka ufikishe pointi 500, na kila pointi inakufa ikitimiza miezi 12. Zawadi hapo ni asilimia 1 ya manunuzi.

Kaya ya kwanza inanunua supamaketi bidhaa za shilingi 30,000 kwa mwezi, kwa sababu samaki, nazi, tungule na mbatata zinatoka sokoni na mchele unatoka duka la mtaa. Inapata pointi 30 kwa mwezi. Kufika 500 inahitaji miezi 17, lakini pointi za mwezi wa kwanza zinakufa baada ya mwaka. Kwa hiyo akaunti yake haitapita pointi 360 hata ikinunua bila ya kukosa mwezi. Haitafika kamwe, na hakuna aliyeiambia.

Kaya ya pili inanunua za 150,000. Inavuka 500 katika mwezi wa nne, na kwa mwaka inachukua shilingi 5,000 mara tatu. Hii ndiyo kaya inayoikumbuka kadi, inayouliza salio, na inayokasirika mashine ikikataa.

Kaya ya tatu inatumia 600,000 na kupata shilingi 6,000 kila mwezi. Kwa mtu wa kipato hicho, 6,000 haimbadilishi njia. Atakwenda kwenye duka lenye maegesho, lenye jibini anayoitaka, na lisilo na foleni.

Kwa hiyo hamu ya zawadi haipandi sambamba na kipato, wala haishuki sambamba nacho. Huanza chini, hupanda kwa watu wa mshahara wa kati, kisha hushuka tena. Na sababu za ncha mbili hazifanani hata kidogo: mmoja haifikii zawadi, mwengine haihisi. Wenye maduka wakiona takwimu za ncha zote mbili ziko chini huzitibu kwa dawa moja, yaani tangazo jengine, na fedha za tangazo zinapotea.

Kuna kitu kidogo zaidi kinachoumiza kaya ya kwanza, nacho ni kukata vipande. Mtu akinunua bidhaa za shilingi 1,800, mfumo unampa pointi 1 na zile 800 zinapotea. Akifanya hivyo mara kumi amenunua za 18,000 na ana pointi 10. Jirani yake aliyenunua za 18,000 kwa mara moja ana 18. Fedha ni ile ile, na wa kwanza amepoteza asilimia 44 ya zawadi kwa sababu tu hana fedha ya kununua kwa mkupuo. Marekebisho yake ni mepesi: mfumo uhesabu pointi 1 kwa kila shilingi 100, kila pointi ikiwa na thamani ya shilingi 1, na chenji inayobaki ihamie manunuzi yajayo. Duka linatoa asilimia 1 ile ile. Fundi wa mfumo wa mauzo anabadilisha mipangilio, na anayepata pointi sasa ni pamoja na yule aliyekuja kwa sabuni ya kipande.

Kikapu cha maskini kinapoondolewa kwenye mpango

Mwaka 1857 Ernst Engel, mtakwimu wa Kijerumani, alionesha kwamba kaya ikiwa na kipato kidogo, chakula kinachukua sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake yote, na kadiri kipato kinavyokua sehemu hiyo inapungua. Kanuni hiyo bado inasimama, na kwenye mipango ya zawadi ina makali yake.

Chakula kikuu kina faida ndogo. Ikiwa faida ya duka kwenye polo (gunia) la mchele ni asilimia 3, pointi za asilimia 1 zimekula theluthi ya faida hiyo. Ndiyo maana kwenye masharti, kwa maandishi madogo, huongezwa maneno kama "isipokuwa mchele, sukari, unga, mafuta na vocha". Mwenye duka amejilinda, na sielewi angefanya nini jengine kama atalipia zawadi zote kutoka mfukoni mwake. Lakini mstari huo umeondoa karibu kikapu kizima cha kaya ya kwanza. Kilichobaki ni shampuu, nafaka za maboksi, chokoleti na juisi, vitu ambavyo kaya ya tatu inanunua bila ya kuangalia bei.

Njia inayofanya kazi ni kuwaachia wazalishaji na wasambazaji walipie zawadi ya bidhaa za kila siku. Sabuni ya kufulia, majani ya chai, dawa ya meno, nepi na mafuta ya kupikia yana makampuni yanayoshindana, na makampuni hayo yana bajeti ya promosheni. Duka linapojadiliana nao lidai jambo moja: zawadi iwe kwenye pakti ndogo pia. Msambazaji kwa desturi huleta ofa ya katoni au ya chupa ya lita 5, kwa kuwa ndiyo inayomwondolea mzigo ghalani. Mnunuzi wa pakti ndogo anabaki akilipa bei ya juu zaidi kwa gramu na bila ya zawadi yoyote.

Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Michigan, Yeşim Orhun na Mike Palazzolo, waliliangalia hili Marekani kwa bidhaa isiyoharibika na inayotumiwa na kila mtu, karatasi za chooni. Walikuta kwamba kaya za kipato cha chini hununua kwa wingi mara chache zaidi, na pia hushindwa kuwahi bei za punguzo, kwa sababu kuwahi kunataka uwe na fedha siku ile ya punguzo. Wanapokuwa na fedha mkononi, mwanzoni mwa mwezi, tabia zao zinasogea karibu na za wenye kipato kikubwa. Badilisha karatasi za chooni uweke kipolo cha mchele wa mapembe na utaona mambo yale yale kutoka Mwanakwerekwe mpaka Konde. Aliyenunua kwa kilo alikuwa akijua kwamba polo ni rahisi zaidi. Fedha ya polo hakuwa nayo.

Fedha inaingia lini

Kipato ni kiasi na pia ni wakati, na hapa visiwani wakati una kalenda nyingi. Anayetengeneza mpango wa zawadi kwa kuangalia tarehe za mshahara peke yake ameiona sehemu moja tu ya wateja.

Mtumishi wa serikali analipwa kwa mwezi. Kwa wiki moja baada ya mshahara anakuwa mnunuzi wa jumla, na wiki ya mwisho anarudi kwenye daftari. Mfanyakazi wa hoteli ya pwani ya mashariki ana mshahara pamoja na bakshishi, lakini Aprili na Mei, masika yanapopiga na watalii wakapungua, baadhi ya hoteli hufunga na wafanyakazi hupelekwa likizo.

Mvuvi wa pweza wa kwa miguu, na wengi wao ni wanawake, anafuata bamvua. Maji yakikupwa sana wakati wa mwezi mpya na mwezi mpevu anaingia mwambani. Wakati wa maji mafu hana cha kuchukua. Fedha yake inakuja takribani kila wiki mbili. Mahali ambapo kijiji hufunga mwamba kwa miezi mitatu ili pweza wakue, kama ilivyofanyika Kisiwa Panza kule Pemba, kaya hukaa robo mwaka bila ya kipato cha mwamba huo kisha huvuna kwa wingi siku ya kufungua. Mkulima wa mwani anasubiri kiasi cha wiki sita mpaka mwani ukomae, kisha aukaushe, kisha mnunuzi aje. Na Pemba yenyewe ina karafuu, ambazo kaya huzipeleka vituo vya ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, msimu ukifika, na ambazo mwaka mmoja hujaa na mwaka mwengine hupungua sana. Mchumaji naye hulipwa kwa kipimo cha alichochuma siku ile.

Ongeza wazee. Pensheni Jamii ya Zanzibar, kwa waliofikia miaka 70, ilianza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa kuwa 50,000. Kizingiti cha pointi 500 katika mpango wetu wa mfano kinataka manunuzi ya shilingi 500,000, yaani pensheni yote ya miezi kumi, bila ya kununua hata samaki sokoni.

Sasa weka mpango unaosema "tumia pointi zako ndani ya siku 90" au "pointi mara mbili kuanzia tarehe 1 hadi 5". Ofa ya tarehe 1 hadi 5 ni ya mwenye mshahara. Mke wa mvuvi aliyepata fedha tarehe 14 hana habari nayo, wala mwenye karafuu aliyelipwa tarehe 20. Ofa hizo zingezungushwa ili kila mwezi wiki iwe nyengine, au zifungwe na bamvua kwa matawi ya vijijini, zingewagusa watu ambao leo hawazioni. Muda wa kufa kwa pointi nao uhesabiwe kutoka siku ya manunuzi ya mwisho, na usipungue miezi 18. Hapo kaya ya karafuu inayonunua sana msimu na kidogo nje ya msimu inabaki na pointi zake, na mteja aliyehama kabisa anafutwa bila ya dhulma.

Pointi zinazokufa ndizo zinazoniudhi kuliko kitu chochote katika biashara hii. Mhasibu anazipenda, kwa kuwa deni limefutika bila ya kulipwa. Lakini tazama ni za nani. Kaya ya tatu inatumia zake kila mwezi. Ya pili inatumia karibu zote. Ya kwanza, isiyofika kizingiti, inapoteza zote. Bei za rafuni zimeshabeba gharama ya mpango na kila mtu analipa bei hizo. Ukilijumlisha hili, walio chini wanachangia zawadi za walio juu, na hakuna aliyekusudia hivyo. Imetokea kwa kizingiti na tarehe.

Zawadi ya papo hapo, na ile inayokubalika ikingojewa

Kwa mtu asiyeweza kukopesha, zawadi bora ni ile inayotoka kwenye risiti ile ile. Bei ya wenye kadi, iliyoandikwa rafuni kando ya bei ya kawaida, inafanya hivyo: umeonesha namba, umelipa pungufu, basi. Maduka ya Uingereza yamehamia huko kwa nguvu. Mamlaka ya ushindani na masoko ya nchi hiyo ilichunguza karibu bidhaa 50,000 zenye bei za namna hii na mwezi wa Novemba 2024 ikatangaza kwamba asilimia 92 zilikuwa na punguzo la kweli ukilinganisha na bei ya kawaida ya duka lile lile. Hatari yake ni mbili. Duka linaweza kupandisha bei ya kawaida kwanza ili punguzo lionekane kubwa. Dawa yake ni duka kujiwekea sharti la kuuza kwa bei ya kawaida kwa wiki kadhaa kabla ya kuandika bei ya kadi. Na asiye na kadi analipa zaidi, ambaye aghalabu ni mzee au mtu mwenye simu ya kitochi. Kwa hiyo usajili ufanyike pale pale kaunta kwa namba ya simu tu, na mpango usitegemee programu ya simu ya kisasa.

Kama duka linang'ang'ania pointi, lishushe kizingiti mpaka thamani ya shilingi 500, na limpe mteja mpya mwanzo. Joseph Nunes na Xavier Drèze walilijaribu hili kwenye sehemu ya kuoshea magari Marekani na kulichapisha mwaka 2006. Kundi moja lilipewa kadi ya mihuri 8. Jengine lilipewa kadi ya mihuri 10, miwili ikiwa imeshapigwa. Wote walibakiwa na safari 8 za kulipia. Waliomaliza kadi walikuwa asilimia 19 kwa kundi la kwanza na asilimia 34 kwa la pili. Mwanzo wa shilingi 100 unaligharimu duka kidogo sana, na kwa mteja wa kikapu kidogo unaonesha kwamba mwisho unafikika.

Hapa kuna jambo linaloonekana kupinga niliyoyasema. Watu wa kipato kidogo wanaweka akiba za kusubiri kila siku: upatu, vikundi vya kuweka na kukopa, kibubu cha sikukuu. Wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao la ushirika mwaka 1844, walijigawia faida kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja, na gawio hilo la kungojewa lilipendwa sana na wafanyakazi. Kwa nini pointi zisipendwe vivyo hivyo? Kwa sababu kwenye upatu unajua siku yako, unajua kiasi, na unamjua aliyeshika fedha. Kwenye gawio la Rochdale duka lilikuwa lao. Pointi za kawaida hazina hata kimoja kati ya hivyo.

Basi zipewe. Mpango ninaouona unafaa hapa ni mfuko wa Ramadhani. Mteja anachagua, kwa hiari yake, zawadi ya asilimia 2 ya manunuzi yake iende kwenye mfuko badala ya kupata asilimia 1 papo hapo. Mfuko unafunguliwa tarehe 15 Shaabani, watu wanapoanza kuweka sukari, unga wa ngano, tende na mafuta ndani, kabla ya bei za futari kupanda. Salio linachapishwa kwenye kila risiti kwa shilingi, bila ya neno pointi. Ramadhani inarudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo mfumo uwekewe tarehe za Kiislamu kwa mkono kila mwaka. Ukiachiwa tarehe moja ya Januari hadi Disemba, baada ya miaka mitatu mfuko utafunguka zaidi ya mwezi mzima baada ya wakati wake. Kwa familia zenye wanafunzi, mfuko wa pili ufunguliwe wiki ya mwisho ya Disemba, kabla ya skuli kufunguliwa Januari.

Duka lisipokee fedha taslimu za kuhifadhi. Kupokea amana za watu kunataka leseni ya Benki Kuu, na hata mahali sheria inaporuhusu kuna hatari ya kweli. Mwezi wa Oktoba 2006 kampuni ya Farepak ya Uingereza, iliyokuwa ikikusanya akiba za sikukuu ya Krismasi za watu wengi wa kipato cha chini, ilifilisika na zaidi ya watu 100,000 wakapoteza akiba zao wiki chache kabla ya sikukuu. Karibu na kwetu, supamaketi ya Nakumatt ya Kenya ilikuwa na kadi yake ya pointi na matawi mpaka Dar es Salaam. Ilipoporomoka, pointi zilizokuwa kwenye kadi hazikuwa na rafu ya kuzinunulia. Kwa hiyo hata mfuko wa asilimia 2 uwekewe fedha zake kwenye akaunti ya benki iliyo mbali na fedha za mzunguko, kila mwisho wa wiki, na mwenye duka akubali kutoigusa hata kontena likichelewa bandarini.

Bahati nasibu iachwe. "Nunua za 20,000 uingie kwenye droo ya pikipiki" inavutia macho, lakini wateja wengi wa hapa wanaiona ina harufu ya kamari na hawajazi ile karatasi. Punguzo la hakika, hata dogo, halina shubha hiyo.

Kwa kaya za kipato cha juu sina mengi ya kusema, kwa kuwa mahitaji yao ni mepesi kuyatimiza. Wanataka muda na uhakika: wawekewe bidhaa yao inapoingia dukani, mzigo upelekwe nyumbani, kaunta ya haraka. Baadhi yao watafurahi kuona kitufe cha kuelekeza zawadi yao kwenye sadaka ya futari, na duka likikiweka litangaze kila mwaka kiasi kilichotoka na kilikokwenda.

Kaunta, ambapo mipango hufia

Keshia kutumia kadi yake kwa mteja asiye na kadi ni tatizo la kila mahali. Dalili yake ni akaunti moja yenye manunuzi kumi kwa siku, yote kwenye kaunta moja, yote kwenye zamu moja. Weka kikomo cha mara tatu kwa siku kwa kila akaunti na mfumo uzuie namba za wafanyakazi kwenye kaunta wanayoisimamia. Wanaopoteza zaidi hapa ni wale wale ambao hawakuwa na kadi.

Kadi moja kwa mtu mmoja haifai kwa kaya zetu. Sokoni anakwenda baba, mtoto anatumwa dukani jioni, mama ananunua sabuni akirudi kazini. Akaunti iwe ya kaya, na ikubali namba nne za simu. Mtoto ataje namba ya nyumbani tu. Kutumia zawadi ndiko kuhitaji namba ya siri. Kumtafuta mteja kwa jina usijaribu, majina matatu yanafanana mno. Na namba ya simu isiyotumika kwa muda mrefu hupewa mtu mwengine na kampuni ya simu, kwa hiyo akaunti iliyolala ikiamka, keshia aulize jina kabla ya kutoa chochote.

Umeme ukikatika au mtandao ukianguka, mashine ihifadhi manunuzi yenyewe na kuyapeleka baadaye. Mfumo usioweza hivyo utamwambia mteja "njoo kesho na risiti", na mwenye kulipa nauli ya daladala hatarudi kwa pointi za shilingi 200.

Fomu ya usajili isiulize kazi wala mshahara. Watu hawatajibu ukweli, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka ukusanye kile tu unachokihitaji kwa kusudi ulilolitaja. Kipato unaweza kukikisia kwa maswali ya upole ukifanya utafiti wa wateja: mchele mnanunua kwa kilo, kwa kipolo au kwa polo? Mnapikia mkaa au gesi? Fedha inaingia kwa siku, kwa bamvua, kwa mwezi au kwa msimu? Mna daftari mahali? Maswali hayo manne yanawagawa wateja vizuri kuliko tarakimu ya mshahara.

Usikisie kipato kwa ukubwa wa kikapu. Mama anayekaanga maandazi ananunua polo la unga la kilo 25 kila wiki na madumu ya mafuta, na mfumo unamweka kundi moja na mwenye nyumba ya kifahari Fumba. Faida yake ya siku huenda ni ndogo kuliko kipato cha kaya ya kwanza. Huyu apewe bei ya mfanyabiashara kwenye polo lenyewe, au apelekewe mzigo bure, kwani pointi za mwisho wa mwezi hazinunui unga wa kesho alfajiri.

Baada ya miezi sita, wagawe wateja kwa majibu ya yale maswali manne, kisha kwa kila kundi toa namba tatu: wangapi wametaja namba yao kwenye manunuzi ya mwisho, wangapi wameshatumia zawadi angalau mara moja, na thamani ya zawadi zilizokufa kwa kila shilingi 1,000 walizonunua. Namba hiyo ya tatu ikiwa kubwa kwa wanunuzi wa kilo kuliko kwa wanunuzi wa polo, shusha kizingiti tena kabla ya kuchapisha tangazo lolote.